Nina 1,150,000/=, nataka kompyuta ya gemu na kuhariri video za harusi. Nichukue ipi?

Kihonda_Kwetu

Habari zenu wakuu.

Niko Morogoro, Kihonda. Nimedunduliza mpaka nimefikisha 1,150,000/= na nataka kompyuta ya mezani itakayonifanyia mambo mawili. La kwanza gemu: EA FC, GTA V na Counter-Strike 2. La pili kazi. Kaka yangu anapiga video za harusi na sendofu, mimi ndiye nakata na kuunganisha. Sasa hivi natumia laptopu yake ya ofisini. Nikishaweka rangi na muziki, kuitoa video ya saa moja naiacha usiku kucha, na mara nyingine naamka nakuta imegoma katikati.

Kibodi, mausi na spika ninavyo. TV ya inchi 32 ninayo, ndiyo itakuwa monita. Kwa hiyo hela yote ni ya mashine.

Juzi nilishuka Dar, Kariakoo. Duka la kwanza wana mashine wameiita ya gemu: keisi ya kioo, feni nne zinawaka rangi, prosesa ya Core i7, RAM GB 16, diski ya SSD GB 256, kadi ya grafiksi ya GTX 1050 Ti ya GB 4. Bei 1,050,000/=, nikabembeleza mpaka milioni kamili. Nimepiga picha mbele na nyuma. Muuzaji kasema ataishikilia mpaka Jumamosi.

Duka la pili wakaniambia nichukue desktopu ya mtumba ya ofisini, Dell au HP, halafu niipachike kadi. Kwa macho hiyo haivutii hata kidogo: jeusi, imechubuka pembeni, na ndani ni i5. Kutoka i7 kwenda i5 naona kama narudi nyuma.

Kingine, umeme wa huku ukikatika hurudi kwa kishindo. Friji ya jirani imeshaungua. Sitaki hela yangu iende hivyo.

Nawasilisha.

Chuma_Mbeya

Mkuu hiyo hela chukua PS4 ya mtumba, chenji inabaki, unacheza FC mpaka uzeeke. Kompyuta ya gemu kwa milioni moja ni kujitafutia presha.

Kihonda_Kwetu

Chuma_Mbeya asante, nimelifikiria hilo. Ila PS4 haihariri video, na video ndizo zitakazorudisha hela.

Fundi_Tandika

Kihonda_Kwetu, usitume hata senti ya kushikilia mzigo. Kwanza nijibu haya.

"Core i7" peke yake haisemi kitu, maana Intel wameitumia tangu 2008. Nataka namba inayofuata baada ya kistari.

Kwenye picha uliyopiga nyuma, kadi ya grafiksi ina matundu gani ya kutolea picha? Nitajie yote na rangi zake.

Na TV. Tafuta namba ya modeli kwenye stika ya nyuma, uone kama idadi ya nukta zake ni 1366×768 au 1920×1080 (hiyo ya pili ndiyo Full HD). Dukani hawakuulizi hili, lakini ndilo linaloamua ununue kadi ya laki tatu au ya laki saba.

Kihonda_Kwetu

Fundi nimerudi. Muuzaji katuma picha ya skrini: i7-3770. Nyuma ya kadi kuna HDMI, kuna tundu kubwa jeupe la DVI, na lile la bluu la VGA. TV ni 1366×768. Hiyo ya mwisho imenivunja moyo kidogo, nilidhani ni Full HD.

Fundi_Tandika

Isikuvunje moyo, hiyo TV imekuokolea hela nyingi. Nitafika hapo. Nianze na mashine ya kioo kwa sababu Jumamosi iko karibu.

Iache.

i7-3770 ni prosesa ya 2012, kizazi cha 3. Wakati wake ilikuwa moto kweli, koa nne (viini vya kufanyia kazi) na nyuzi nane. Lakini inatumia RAM za DDR3, na haina maelekezo ya AVX2 ambayo Intel waliyaleta kizazi kilichofuata, 2013. Gemu kadhaa mpya hazifunguki kabisa bila hayo, hata uweke kadi ya milioni tatu. Halafu Windows 11 inaanzia kizazi cha 8 kwa upande wa Intel, na Windows 10 Microsoft walisitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Unaweza kuilazimisha Windows 11 iingie, watu wanafanya hivyo, ila wewe unaitaka mashine ya kazi. Mteja anakungoja na harusi yake, huna muda wa kupigana na sasisho lililogoma.

Hiyo i5 unayoiona kama kurudi nyuma, kama ni i5-8500, ni ya 2018 na ina koa sita. Kwenye gemu inaiacha i7-3770 mbali. Unapolinganisha prosesa za Intel za wakati huo, tazama kwanza tarakimu ya mbele kwenye namba: 3770 ni kizazi cha 3, 8500 ni kizazi cha 8. Hizi i3, i5 na i7 zinakusaidia tu ukiwa ndani ya kizazi kimoja.

Sasa hiyo kadi. NVIDIA walipotoa familia ya GTX 10 mwaka 2016 waliondoa kwenye chipu uwezo wa kutoa picha ya VGA. GTX 1050 Ti halali utaikuta na HDMI, DVI na DisplayPort. Ukiona tundu la bluu la VGA kwenye kadi inayojiita 1050 Ti, shaka yangu inakuwa kubwa sana. Kuna kadi za zamani, nyingi zina chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010, wanazibadilishia baiosi (programu ndogo iliyomo ndani ya chipu) ili Windows isome "GTX 1050 Ti". Ukiiwasha dukani kila kitu kinaonekana sawa, jina lipo, GB 4 zipo. Unafika nyumbani, unafungua FC, inaganda kwenye menyu. Simtuhumu muuzaji, inawezekana naye kauziwa hivyohivyo. Lakini hela ni yako.

Sasa TV. Kioo cha 1366×768 kina nukta milioni moja na kidogo. Full HD ina nukta milioni mbili na kidogo. Maana yake kwa kila fremu, kadi yako inachora nusu tu ya kazi ambayo ingechora kwenye Full HD. Na TV yenyewe huenda inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, hata kadi ikitoa 140 huzioni. Kumuuzia mtu mwenye kioo hicho kadi ya laki saba ni kumwonea.

Kwa hiyo kwako mimi nasema GTX 1650 ya GB 4. Waliotengeneza EA FC 25 wametaja GTX 1050 Ti ya GB 4 kuwa kiwango cha chini, na 1650 iko juu ya hapo. GTA V ilitoka kwenye kompyuta 2015, hiyo haina tatizo. Counter-Strike 2 utaicheza vizuri kwenye hiyo TV ukishusha vivuli.

Sababu kubwa ya kuitaja 1650 ni umeme wa ndani. Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo vijana wengi wanaoniletea mashine wamekwama.

Desktopu ya ofisini ina pawa saplai ndogo, lile boksi la kugawa umeme ndani ya mashine. Fungua ubavu, utaona lebo: nyingi ni wati 250 au 260, zile nyembamba ni chini ya hapo. Na nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75 basi. GTX 1650 ya kawaida inakula wati 75, kwa hiyo inaishi kwa umeme wa tundu lenyewe. Prosesa yako ni ya wati 65, ikikaza inapanda zaidi ya hapo kidogo. Jumlisha diski, feni na RAM, bado hufiki 250. Inatosha.

Sasa mtu anakwenda ananunua RX 580 kwa sababu ina GB 8 na bei zinakaribiana. RX 580 inakula wati 185 na inadai plagi ya pini 6 au 8. Anarudi nyumbani hana hiyo plagi. Anakwenda kununua adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa diski, ule wa SATA, ambao haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Nimeshika plastiki za waya hizo zikiwa zimeyeyuka na kugandana na soketi, ukivuta zinatoka na pini zake. Au anasema nitabadilisha pawa saplai, anakuta Dell na HP wengi hawatumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye bodi, wana plagi zao. Adapta zipo, lakini hapo umeshaongeza gharama mara mbili.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: kioo cha TV au monita kwanza, pawa saplai ya pili, kadi ya tatu. Prosesa inajichagua yenyewe ukishakataa chochote kilicho chini ya kizazi cha 8.

Tafuta Dell OptiPlex 7060 au 5060, au HP EliteDesk 800 G4, yenye i5-8500. Iwe keisi kubwa ya kusimama. Ile nyembamba kadi ya kawaida haiingii, inataka kadi fupi ambazo ni adimu na ghali zaidi. Beba futi kamba ya fundi cherehani: OptiPlex kubwa ina upana wa sentimita 15 na kidogo, nyembamba ina 9 na kidogo. Muuzaji akikuambia "zote sawa tu", pima.

Likoni_Feri

Salaam wadau. Mimi niko Mombasa. Fundi nimekusoma na sikupingi kwa hiyo kadi bandia, huku pia zimejaa. Lakini mbona humpi kijana njia ya Ryzen? Mimi nilijenga na Ryzen 5 5600G bila kadi. Koa sita, nyuzi kumi na mbili, na grafiksi imo ndani ya prosesa. Bodi ya B450, RAM mbili za GB 8, pawa saplai mpya. Vitu nilichukua Nairobi, Luthuli Avenue, vikaja kwa basi. FC nacheza, CS2 nacheza. Nikipata hela naongeza kadi bila kubadilisha kitu kingine. Hiyo desktopu ya ofisi akiinunua amefika mwisho wa barabara.

Fundi_Tandika

Likoni_Feri umesema kweli, na ingekuwa mwaka juzi ningemwambia hivyohivyo. 5600G ni prosesa ninayoipenda.

Tatizo langu ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba na sisi tunagombania kinachobaki. Grafiksi ya ndani ya 5600G haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya mashine, na inataka RAM mbili zinazokimbia pamoja. Ukiiwekea moja inazimia. Kwa hiyo njia yako inamlazimisha anunue kwa wingi kitu ambacho sasa ndicho kimepanda. Desktopu ya ofisini inakuja na RAM ndani, na wauzaji wengi wa mtumba bado hawajaipigia hesabu mpya. Inakuja pia na leseni ya Windows iliyofungwa kwenye baiosi. Ukiweka Windows upya inajitambua yenyewe.

Na kwa video, kadi ya NVIDIA ina kipande chake maalumu cha kubana video. Kwa mtu wa harusi hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini kuhusu mwisho wa barabara uko sahihi. Kama Kihonda_Kwetu angekuwa na 1,800,000/= na kioo cha Full HD, ningemwambia bodi ya AM4 (soketi ya prosesa hizo za Ryzen), Ryzen 5 5600 na RX 6600. Hiyo kadi inakula wati 132 tu na ina GB 8. Kwa 1,150,000/= na ile TV, hapana.

Kihonda, kuna njia ya katikati: Dell Precision 3630. Ni ya kizazi hichohicho cha 8, ila ilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi. Mara nyingi inatoka na pawa saplai ya wati 300 au ya wati 460. Ukikutana na ya 460, fungua uone kama kuna waya za pini 6 au 8 zinazoning'inia. Kama zipo na bei haijapishana sana na OptiPlex, chukua hiyo. Kesho na keshokutwa utaweka kadi kubwa bila kuhangaika.

Mwana_Ngamiani

Habari kaka zangu. Mimi niko Tanga, nafanya kazi ya studio, harusi na maulidi. Niongeze kwa upande wa video maana hapa wote mmejaa gemu.

Mdogo wangu Kihonda, utakwenda dukani watakwambia 1650 imeisha, chukua RX 6400, nayo haihitaji plagi na ni mpya zaidi. Usichukue. RX 6400 na ndugu yake RX 6500 XT hazina kabisa kile kipande cha kubana video. Zinasoma video, hazibani. Ukitoa video kazi yote inarudi kwa prosesa, na hapo utakuwa umerudi kwenye kulala na mashine inanguruma. Tena zinaongea na bodi kwa njia nne tu. Kwenye bodi za kizazi cha 8, ambazo ni PCIe 3.0, zinapungua nguvu hata kwenye gemu.

Programu: DaVinci Resolve inaegemea sana kadi, kwa hiyo 1650 itakufaa kwa kazi za 1080p. Kaka yako akikuletea mafaili ya 4K usiyakate yalivyo. Tengeneza nakala nyepesi kwanza, ukate hizo, mwishoni programu inarudi yenyewe kwenye mafaili makubwa. GB 4 za kadi ni chache kwa 4K, usizilazimishe.

RAM GB 16 ni lazima, GB 8 usikubali. Na SSD GB 256 ni Windows na programu tu. FC peke yake inataka GB 100. Ongeza SSD ya pili ya GB 480 au 512. Harusi zilizokwisha kukabidhiwa ziwekee diski ya kawaida ya nje, hizo hazihitaji kasi.

Umeme. Kabla ya mengine yote, nunua UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Tafuta ile yenye stabilaiza ndani, inayopandisha na kushusha umeme wenyewe. Ya 650 VA inatosha mashine kama hiyo. Haitakuchezesha gemu gizani, itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Ukichukua ya mtumba uliza betri. Mara nyingi ni ya volti 12, saa-ampea 7, ileile ya king'ora, unaweza kuibadilisha mwenyewe. Lakini betri ikiwa imevimba, mwachie mwenyewe.

Kihonda_Kwetu

Dada Mwana_Ngamiani na Fundi, Mungu awabariki. Ile ya kioo nimeiacha, nimempigia muuzaji nikamwambia kwa adabu. Naenda tena Kariakoo. Fundi, nikifika dukani naikagua vipi? Sitaki nisimame pale kama mgeni.

Fundi_Tandika

Beba flashi yenye programu tatu, zote za bure: GPU-Z ya kuitambua kadi, CrystalDiskInfo ya kupima afya ya diski, na FurMark ya kuikaza kadi. Muuzaji akikataa usichomeke flashi, mwambie azipakue yeye. Akikataa na hilo, mshukuru uondoke.

Mashine kwanza, kabla ya kadi. Iwashe, fungua Task Manager, ukurasa wa kumbukumbu. Inakuonyesha RAM zimekaa kwenye nafasi ngapi. Unataka mbili za GB 8, siyo moja ya 16. Kama ni moja mwombe akubadilishie, wengi wanakubali maana kwao ni GB 16 zilezile. Kwenye CrystalDiskInfo tazama asilimia ya afya ya SSD na saa ilizowaka. Saa nyingi hazinitishi, mashine ya ofisi huachwa inawaka. Afya ikiwa chini ya 80 naomba nyingine.

Ingia baiosi. Hakikisha haidai nenosiri. Mashine za makampuni huja zimefungwa, na baadhi ya Dell na HP kulifungua hilo ni kazi ya siku nzima.

Fungua ubavu. Soma lebo ya pawa saplai. Angalia tundu refu la kadi kama liko zima. Puliza vumbi, tazama kapasita kwenye bodi zisiwe zimetuna.

Kadi ishike mkononi kabla haijapachikwa. Tazama ukingo wa juu: kuna 1650 zenye tundu la pini 6, hizo usichukue kwa OptiPlex. Igeuze, angalia skrubu nne za katikati zinazoshika bati la kupooza. Zikiwa zimeliwa na bisibisi, imefunguliwa. Siyo dhambi, ila uliza kwa nini. Mafuta yanayong'aa pembezoni mwa bodi ni pedi za joto zilizochoka, imefanya kazi nzito. Zungusha feni kwa kidole, isikwaruze.

Ikishapachikwa, GPU-Z. Unataka isome TU117, ndilo jina la chipu, na shedi 896, yaani vitengo vya kuchora. Kadi bandia programu hiyo huiandikia neno FAKE mbele ya jina, iko wazi kabisa. Kisha FurMark kwa dakika 15. Simama hapo, usiende kunywa soda. Joto likituama kwenye sabini na kitu, ni sawa kwa hali ya hewa yetu. Likipanda bila kusimama, au ukiona vidoa vya rangi vinarukaruka, rudisha.

Mwisho risiti, namba ya utambulisho ya kadi (serial number) iandikwe kwenye risiti, na muda wa kurudisha kwa maandishi. Hata wiki moja inasaidia.

Kwa bei ninazoziona mimi: mashine laki tano na nusu hivi ukibembeleza, kadi laki tatu hadi tatu na ishirini, UPS laki moja na nusu, SSD ya pili kwa kinachobaki. Ukibanwa, SSD ya pili ingoje. UPS isingoje.

Kihonda_Kwetu

Wakuu nimerudi na mzigo umefika salama.

Precision ya wati 460 niliiona moja, wanataka laki nane na nusu, nikaiacha. Nimechukua OptiPlex 7060 keisi kubwa, i5-8500, RAM mbili za GB 8, SSD GB 256 yenye afya 94. Laki tano na arobaini. Nilipotoa futi kamba muuzaji alicheka, halafu akaenda mwenyewe kuchukua nyingine stoo, maana ile aliyoniletea kwanza ilikuwa nyembamba.

Kadi nimepata duka tofauti. Ya kwanza waliyonipa ilikuwa na tundu la pini 6, nikairudisha palepale. Ya pili haina. GPU-Z imesoma TU117, shedi 896, hakuna FAKE. FurMark ilituama 73. Laki tatu na kumi. UPS mpya 650 VA laki na arobaini na tano. Nimebaki na 155,000/= kabla ya nauli, nitachukua SSD ya pili hapahapa Moro.

FC inakwenda laini. Maswali mawili. Moja, maandishi ya Windows kwenye TV yamefifia na pembeni yamekatwa, hata alama ya kuanzia siioni vizuri. Mbili, nikibonyeza kitufe naona mchezaji anachelewa kidogo kupiga mpira.

Fundi_Tandika

Kazi nzuri sana kijana. Na huyo muuzaji wa futi kamba mrudie siku nyingine, ni mtu mzuri.

Yote mawili ni TV. Kwenye menyu ya picha tafuta ukubwa wa picha, weka chaguo la kutokuza, kwenye baadhi ya TV linaitwa Just Scan au Screen Fit. Pembeni zitarudi. Kisha kwenye Windows, mipangilio ya onyesho, chagua 1366×768 kama imo kwenye orodha. Kama haimo, jaribu tundu jingine la HDMI. Baadhi ya TV zina moja tu linaloitambua kompyuta, mara nyingi limeandikwa PC au DVI pembeni yake.

Kuchelewa kwa kitufe: washa hali ya gemu kwenye menyu ya picha. Kama TV haina hiyo, badilisha jina la ingizo liwe PC, nyingi hapo huacha kuichakata picha. Zima pia kila kitu kinachojiita kulainisha mwendo. Ndani ya FC, funga fremu kwenye 60. Kadi itapumua, na chumba chako kwa joto la Moro kitapumua pia.

Mwana_Ngamiani

Na ukishaweka Resolve, ingia kwenye sehemu ya kutoa video, chagua kibanaji cha NVIDIA badala ya kile cha kawaida. Programu haikuchagulii kila mara, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima ana kadi nzuri ila video zinatolewa na prosesa.

Kihonda_Kwetu

Ingizo nimelibadilisha jina kuwa PC, maandishi yamekaa sawa na kitufe kinajibu papo hapo. Dada, nimekiona kibanaji, kilikuwa kimewekwa cha kawaida kweli. Nimebadilisha. Kuna sendofu ya Jumapili, naanza nayo.